Tano Kamili

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na mpaka leo ukimuuliza hakatai. Anachokataa ni kuambiwa alikuwa mjinga peke yake. "Tulikuwa watatu," husema, akihesabu kwa vidole, "ila mimi ndiye niliyevuliwa viatu."

Walimwita Kola kwa sababu alifunga shati mpaka kifungo cha juu kabisa, hata siku ambayo jua lilikuwa linachemsha maji tangini. Alikuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala la dawa: ua wa saruji, lango la chuma, kibanda cha bati, na benchi refu la watu waliokaa kusubiri kuitwa dirishani. Mlinzi wa usiku wa lindo hilohilo alikuwa baba mkwe wake, mzee mwenye kifua cha mbele na tumbo la kukisindikiza, ambaye hakuwahi kukanyaga jeshini hata kwa kupotea njia, lakini mtaa mzima ulimwita Sajini. Sajini ndiye aliyempa Kola binti yake, na miaka mitatu baadaye akampa kazi. Mtu aliyekupa vyote viwili humtazami usoni unaposema naye, sembuse kumhesabia risasi.

Basi shida yote ilianzia hapo. Bunduki ya lindo ilikuwa moja. Saa kumi na mbili asubuhi ilitoka kwa Sajini kwenda kwa Kola, na saa kumi na mbili jioni ikarudi. Kampuni ya ulinzi ilikuwa na utaratibu wake, umebandikwa ukutani kibandani kwa herufi kubwa: anayekabidhi aielekeze bunduki kwenye pipa la mchanga, aifungue, aonyeshe, anayepokea aifungue tena kwa mkono wake mwenyewe, atazame ndani, ahesabu risasi tano, kisha wote wawili wasaini. Pipa la mchanga lilikuwepo. Lilikuwa limejaa vichungi vya sigara na mwavuli mmoja uliovunjika mbavu.

Maana jamani, utaifungua vipi bunduki aliyokupa baba mkwe wako, tena mbele ya macho yake? Ni sawa na kukaribishwa chakula kwake ukaanza kwa kunusa bakuli. Kwa hiyo kwa miezi saba Kola aliipokea kwa mikono miwili, magoti yamepinda kidogo, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tano kamili. Ndani tupu."

"Asante, baba. Ukapumzike."

Na daftarini wakaandika: tano kamili. Saini mbili.

Asubuhi ya siku hiyo mambo yalikwenda hivyohivyo, ila Sajini alikuwa na haraka. Siku nyingine paka akikatiza uani usiku, mzee husimulia asubuhi kama aliyetoka vitani. Siku hiyo hakusimulia kitu. Alisaini, akavaa kofia, akaondoka huku akijipangusa magoti. Kola aliliona hilo la magoti, akalipuuza. Mengi sana ya wakwe hupuuzwa, ndiyo maana ndoa zinadumu.

* * *

Mkaguzi wa kampuni alifika saa tatu bila taarifa, simu ameibana kati ya sikio na bega, amevaa shati jeupe ambalo hakutaka liguse chochote chenye mafuta.

"Toa risasi nihesabu," alisema, kisha akaiambia simu, "Si wewe. Wewe endelea."

Bunduki yao ilibeba risasi kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Kola alibonyeza, zikaanza kutoka moja moja, nyekundu, nene kama kidole gumba cha mwanamume. Akazipanga juu ya daftari. Moja, mbili, tatu, nne. Akabonyeza tena. Akatikisa. Akachungulia, kama mtu anayetafuta sukari kwenye mfuko ambao anajua umekwisha.

"Ngapi?"

"Nne, afande."

Mkaguzi aliiambia simu isubiri. "Daftari linasema ngapi?"

"Tano."

"Saini ya nani?"

"Yangu."

"Chemba umeangalia?"

Chemba ni kile chumba cha ndani, nyuma ya mtutu, ambamo risasi hukaa ikingoja kidole. Na hapo ndipo Kola alipojimaliza. Angesema bado, afande, ngoja niangalie, mambo yangeishia palepale. Lakini kusema bado ni kukiri kwamba hajawahi kuangalia hata siku moja tangu aajiriwe, na aliyemfanya asiangalie ni mzee aliyemwombea kazi.

"Nimeangalia," alisema. "Tupu."

Mkaguzi angeweza kunyoosha mkono akaifungua mwenyewe. Ndiyo kazi aliyolipiwa. Lakini mkono wa shati ulikuwa mweupe, na simu ilikuwa inamwita jina. Hakunyoosha.

"Basi kama haimo ndani, iko kwako. Toa vilivyomo mifukoni."

"Hapa, afande?"

"Unataka tukatafute ukumbi?"

Watu ishirini hivi wa benchini waliacha kukohoa. Kola alitoa leso, funguo, kibobini cha uzi wa cherehani ya mkewe, na karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Mkaguzi aliifungua karatasi ya karanga, akazitazama kwa makini, akaifunga. Kisha akaamuru viatu. Kola akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na dole gumba lilitoka nje likatazama watu kama mwenye nyumba aliyesikia mlango ukigongwa. Mtu mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Risasi haina miguu," mkaguzi alisema. "Sina mtu wa kukubadilisha sasa hivi, kwa hiyo utamaliza zamu. Saa kumi na mbili nitarudi, mkweo akiwa hapa. Nikikuta tano, tumemaliza. Nikikuta nne, jina lako linakwenda polisi kesho asubuhi, na la mzee linafuata chini yake. Risasi ya kampuni ikionekana imemtoboa mtu huko mitaani, sitaki kuulizwa mimi."

Zile nne zikarudi kwenye bomba. Mkaguzi akairudia simu yake. "Hamna kitu," aliiambia, "wezi wadogo wadogo tu."

* * *

Alipoondoka, Kola aliketi mlangoni pa kibanda, bunduki mapajani, akawaza. Na Kola alipokuwa akiwaza, kidole chake kilikuwa na tabia ya kuchezea kitufe cha usalama cha bunduki, huku na huku. Tik. Tik. Kama mtu mwingine anavyochezea funguo.

Nani anataka risasi moja? Jambazi hataki moja. Anayetaka moja ni mwindaji, na mwindaji alikuwepo: rafiki wa Sajini, mtu wa kuwinda nguruwe pori mwisho wa juma, ambaye kila akija nyumbani huuliza kwa utani, "Sajini, hukubakiwa na moja ya ziada?" Sajini hucheka na kusema zinahesabiwa. Lakini juzi hakucheka. Juzi walitoka wakaenda kuongelea nje. Na leo ile haraka. Na yale magoti.

Tik. Tik.

"Kaka," alisema mwanamke mmoja benchini, amempakata mtoto anayekohoa, "hicho kitu kinamwangalia mwanangu."

"Ni tupu, mama."

"Na hizo nne nilizoona zikirudishwa?"

"Hizo ziko chini. Hazipandi mpaka mtu azipandishe."

"Sawa, wewe unajua. Mimi sijui. Geuza."

Kola, ambaye kwa asubuhi moja alikuwa ameamriwa vya kutosha, aliigeuza kidogo tu, ilimradi. Mtutu sasa ukawa unamtazama mzee wa pembeni. Mzee akasogea. Aliyefuata akasogea naye. Benchi zima likasogea, mpaka wa mwisho akajikuta amesimama, akimuuliza jirani yake kwani dirisha limehamia wapi.

"Watu waoga kweli," Kola alijisemea. Tik.

* * *

Saa saba mkewe alimletea chakula. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache yaliyokatwa sawasawa, na mgongoni alikuwa amembeba binti yao wa miaka miwili waliyemwita Kadogo. Alimshusha, akaweka kontena la chakula juu ya daftari, akamtazama mumewe.

"Umevua viatu leo?"

"Nani amekwambia?"

"Kamba za kiatu umezifunga kwa hasira."

Akamweleza. Akamweleza yote isipokuwa lile neno "nimeangalia", kwa sababu kila alipofika hapo ulimi uliteleza ukapita pembeni. Mkewe alifungua kontena, akamsogezea.

"Baba Kadogo," alisema hatimaye, "nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza."

"Wiki iliyopita yule jirani wa muziki alipotukosesha usingizi, ulisema ipo siku utamnyamazisha."

Kola aliacha kutafuna. "Kwa hiyo mimi nimeiba risasi nikamnyamazishe jirani?"

"Sijasema umeiba. Nimeuliza."

"Risasi bila bunduki, nitamtupia?"

"Mimi ni fundi nguo. Sijui mnazitumiaje."

"Kama ni kuuliza, kamuulize baba yako. Kamuulize na yule rafiki yake wa nguruwe."

Alikwisha kulisema. Lilitoka likakaa katikati yao, karibu na kontena, na hakuna aliyetaka kulifunika. Mkewe alivuta pumzi. Katika nyumba yao ya vyumba viwili, Sajini alilala mchana chumba cha mbele, nyuma ya pazia, na yeye alikanyaga cherehani polepole, guu moja tu, ili asimwamshe. Miezi saba ya kushona kwa guu moja. Sasa anaambiwa aliyekuwa akimhifadhia usingizi ni mwizi.

"Una ushahidi?"

"Leo aliondoka bila kusimulia."

"Huo ndio ushahidi?"

"Kwa baba yako, ndiyo."

Mkewe karibu acheke, akajizuia. "Sasa unataka nifanye nini? Nimwamshe nimuulize, baba, umeuza risasi?"

"Usimuulize. Utamvunjia heshima. Angalia tu. Koti, viatu, chini ya mto. Kimyakimya."

"Kwa hiyo kumuuliza ni kumvunjia heshima, ila kumpekua si vibaya."

"Akiwa amelala hajui."

Wakati wanasemezana, Kadogo alikuwa ameikuta bunduki imeegeshwa kwenye kiti. Alikuwa katika umri wa kuchungulia kila chenye tundu: chupa, kitasa, sikio la babu yake. Aliushika mtutu kwa mikono miwili, akaweka jicho.

Kola akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Unaona nini humo, mama?"

"Giza," Kadogo alisema.

"Sema na giza likupe risasi ya baba."

Mkewe alimvuta mtoto kwa mkono mmoja, akambeba, akaondoka.

* * *

Yaliyotokea nyumbani Kola aliyasikia baadaye, kwa vipande viwili visivyolingana, kimoja cha mkewe na kimoja cha mkwewe.

Sajini alikuwa amelala chali, anakoroma, sare ameitundika msumarini. Binti yake alianza na koti la sare: kitambulisho, tochi, dawa ya kikohozi. Kifungo kimoja kilikuwa kimeng'oka na uzi wake. Akapitia suruali ya sare: mifuko mitupu, lakini magoti yote mawili yana vumbi la saruji lililoshikana, jeupe, kama ya mtoto aliyetambaa. Akashika lile vumbi kwa kidole, akalitazama. Akapekua viatu. Akaingiza mkono chini ya mto, taratibu, kama anayetafuta yai chini ya kuku. Hakuna.

Ilibaki suruali kuukuu aliyolalia. Mfuko wa kulia ulikuwa umevimba. Alisimama hapo kwa muda mrefu, akiwa na aibu zake zote. Kisha akainama, akaingiza vidole viwili, kisha mkono. Akagusa kitu kigumu cha duara.

Koromo likakatika.

"Unatafuta nini," Sajini alisema, macho bado yamefumba, "kwenye suruali ya baba yako?"

Kile cha duara kilikuwa kikopo cha ugoro. Binti alibaki amekishika. Hakuwa na uwongo tayari, kwa hiyo akasema kweli: kazini imepotea risasi moja, saa kumi na mbili mkaguzi anarudi, mume wangu amevuliwa viatu mbele ya watu.

"Na mimi unanivua suruali."

"Baba, sikukusudia..."

"Nani amekutuma? Kola?"

Binti alikirudisha kikopo mfukoni, na hilo nalo likawa jibu. Sajini aliketi kitako, akavuta shuka mpaka kifuani kama mgonjwa. "Nilikabidhi tano," alisema. "Nilisaini tano. Mwambie mumeo, asiyeweza kusema nami usoni asinitumie mtu mfukoni." Kisha akageukia ukuta, na wala hakulala tena. Alasiri yote cherehani haikulia, kwa guu moja wala kwa mawili.

* * *

Saa kumi na mbili kasoro walikuwa wamekusanyika kibandani: mkaguzi ameketi na daftari, Kola amesimama na bunduki begani, Sajini amevaa sare yenye kifungo pungufu, na binti yake amembeba Kadogo. Hakuitwa na mtu, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Benchi lilikuwa tupu. Mwanamke wa mtoto wa kikohozi ndiye alikuwa wa mwisho kupata dawa, na alipotoka alimzunguka Kola kwa mbali, kama mtu anavyozunguka ng'ombe asiyemjua.

"Iko wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Nilipokea alivyonikabidhi," Kola alisema, akitazama kiatu chake.

"Nilikabidhi tano," Sajini alisema, akitazama bati.

"Mmoja wenu anadanganya."

"Mimi sijawahi kuwa na rafiki mwindaji," Kola alikiambia kiatu.

"Ehee," Sajini alisema. "Sasa amesema. Mwanamume amesema, ingawa kwa upande wa chini. Mwindaji alikuja kunikopa baiskeli. Unataka nikuletee baiskeli uipekue?"

"Mbona mliongelea nje?"

"Kwa sababu ndani binti yangu anashona. Na wewe, mbona mchana kutwa umekaa nayo peke yako? Nani ajuaye?"

"Watu ishirini wananijua. Wamelijua mpaka dole gumba."

Mkaguzi alifungua kalamu. "Naandika majina mawili. Polisi watachagua."

"Ngoja kidogo, afande," alisema binti wa Sajini. "Baba, jana usiku ulipiga magoti wapi?"

Sajini alianza kujipangusa magoti.

"Suruali yako ya sare ina saruji magotini. Kifungo kimeng'olewa, hakikulegea. Uzi wa kulegea naujua, nimeushona miaka kumi. Mtu aliyekaa kitini usiku kucha hachafuki magoti."

"Niliteleza."

"Magoti yote mawili?"

Kile kifua cha mbele kilianza kurudi nyuma kidogo kidogo. Mzee alimtazama mkaguzi, kisha mkwewe, akiwapima nani atacheka kwanza. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kampuni ilikuwa inatafuta sababu ya kumstaafisha. Hilo ndilo alilokuwa amelifunika tangu asubuhi kama mtu anavyofunika kidonda.

"Karibu na alfajiri," alisema, "bati la nyuma lilipiga kishindo. Nikadhani wameruka ukuta. Nikaingia chini, pale, nyuma ya pipa, kifungo kikanasa kikang'oka. Nilipiga magoti, ndiyo. Nilitetemeka, kama mnataka niseme na hilo. Nikaikoki bunduki wasikie. Krak-krak. Kumbe ni kifuniko cha tangi kimepeperushwa na upepo. Nikakaa hapohapo mpaka moyo ukatulia, na usingizi ukanichukua. Nilichokisikia tena ni hatua za mkwe langoni."

"Uliikoki," mkaguzi alisema polepole.

"Wasikie."

"Halafu ukaitoa."

Uso wa Sajini ulibadilika, kama wa mtu aliyefika sokoni akakumbuka ameacha jiko linawaka.

Bunduki ya bomba ukiikoki, risasi hupanda chemba. Hilo sasa kila aliyekuwa pale alilielewa, isipokuwa Kadogo. Bunduki ilikuwa begani kwa Kola, mtutu umeinama mbele, na mkaguzi, aliyekuwa ameketi, aligundua kwamba tundu lilikuwa usawa wa kifungo cha tatu cha shati lake jeupe. Alisimama pole sana, akajipitisha pembeni, mgongo unafagia ukuta mchafu, na shati halikumshughulisha tena.

"Usiguse chochote," alinong'ona.

Lakini Kola alikuwa haoni mkaguzi wala ukuta. Alikuwa anaona jicho la mtoto kwenye mtutu. Alikuwa anakisikia kidole chake. Tik. Tik. Alijaribu kukumbuka kitufe kilikuwa upande gani Kadogo aliposema giza, na hakukumbuka. Mpaka leo hakumbuki.

Mkewe alikwisha kurudi nyuma ya ukuta na mtoto. Kola alikwenda kwenye pipa, akang'oa mwavuli, akaelekeza mtutu mchangani katikati ya vichungi vya sigara, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya kama maandishi ya ukutani yalivyosema. Ilibidi arudie mara mbili. Krak. Risasi nyekundu iliruka ubavuni, ikagonga saruji, ikabingirika mpaka mlangoni na kusimama.

Sajini aliitazama. "Si nilisema tano," alisema.

Hakuna aliyecheka, lakini ilibaki kidogo.

"Wewe!" Mkaguzi alipata sauti yake. "Ulisema umeangalia!"

"Nilisema, afande."

"Kwa nini?"

"Baba alisema ndani tupu. Ningeangalia mbele yake ingekuwa namwita mwongo."

"Na wewe mzee?"

"Nilingoja yeye aangalie. Si kazi ya anayepokea?"

"Kwa miezi saba hajaangalia!"

"Ndiyo. Ni kijana mwenye adabu sana," Sajini alisema, na ilikuwa wazi kwamba hata sasa anajivunia.

Mkaguzi alichukua kalamu aandike ripoti. Aliandika tarehe, akaandika saa tatu asubuhi, akaandika "nilikagua", halafu kalamu ikasita juu ya karatasi. Kola aliitazama kalamu. Sajini akaitazama. Mkewe Kola, aliyerudi mlangoni, naye akaitazama, tena kwa upole.

"Nawe uliangalia, afande?" aliuliza.

Mkaguzi aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati lililochafuka. "Tano," alisema. "Zimekuwa tano tangu asubuhi. Kabidhianeni upya, kama ilivyoandikwa, na mimi nikiwa nimesimama hapa. Na hilo pipa lisafishwe."

Kola alitoa risasi zote bundukini, akazihesabu kwa sauti, akafungua chemba, akaingiza kidole kuhakikisha, kwani macho yake mwenyewe alikuwa hayaamini tena. Mtutu ukiwa mchangani, alimpisha mkwewe.

"Sasa wewe, baba. Fungua uangalie."

"Nimeona ulivyoangalia. Inatosha."

"Utaratibu unasema..."

"Najua unavyosema, nilikuwepo ulipobandikwa." Sajini alikuwa amekirudisha kifua mahali pake. "Na kesho asubuhi nawe utapokea kama siku zote. La leo ni ajali, limepita. Nimekuoza mwanangu. Siwezi kusimama hapa kila kukicha mkwe ananikagua kama mwizi aliyekamatwa sokoni, watu wanatutazama. Kuna vitu mtu na mkwewe hawafanyiani. Heshima ikishatoka ndani ya nyumba hairudi."

Mkaguzi alitazama saa yake. Kola, kwa mazoea, alijikuta magoti yameshaanza kupinda.

"Heshima ipi tena, baba," alisema binti yake, "wakati mchana umenikuta na mkono kwenye mfuko wa suruali uliyoivaa? Fungua hiyo bunduki."